Mguu wa Kushoto wa Mwanatumu

Mafuta yalikuwa vuguvugu. Mama alikuwa ameyaweka juu ya makaa ndani ya kikombe cha bati, mafuta ya nazi aliyoyapika kwa mkono wake na kuyatia karafuu, na sasa alikuwa akinimiminia kiganjani huku akiyapuliza yasiniunguze.

"Haya," akasema. "Mkande dadako."

Dada yangu Mwanatumu alikuwa amelala chali kitandani, leso imempanda mpaka magotini. Mguu wake wa kulia ulikuwa mguu wake wa siku zote, mwembamba, na kovu la baiskeli chini ya goti. Wa kushoto ulikuwa umejaa kutoka kwenye kifundo hadi gotini, ngozi imevutika mpaka inang'aa. Nikauweka mgongo wa mkono wangu mkavu pale nyuma, kwenye shavu la mguu. Ulikuwa wa moto kuliko mwili wake wote. Akavuta pumzi kwa meno.

"Hapo hapo," akasema. "Hapo ndipo paniumapo."

Nikakigeuza kiganja, mafuta yote yakamwagika sakafuni.

"Simkandi," nikasema.

Nilisema kwa ukali, na ukali wenyewe ulikuwa woga. Mama hakuijua tofauti. Aliyatazama mafuta yake yakinywewa na sakafu, kisha akanitazama mimi, na katika maisha yangu yote sikuwahi kuangaliwa na mamangu vile, kama mtu aliyebisha hodi nyumba isiyokuwa yake.

Siku hizo nilikuwa mwanafunzi. Nilikuwa nimejiandikisha chuo kimoja kidogo cha Ukunda, chumba juu ya duka la saruji na mabati, ili nisomee kukanda. Watu wa kwetu Majoreni walicheka wakatoka machozi. Mtoto wa Bi Subira asomee kukanda! Kwani nyumbani kwao mikono imekatika? Maana mamangu ndiye mkandaji. Kuanzia kwetu hadi Vanga hakukuwa na mwanamke aliyejifungua asipite mikononi mwake. Mzazi akiletwa kwao kukaa arubaini, mama ndiye aliyeitwa: asubuhi maji ya moto, kisha mafuta, kisha tumbo likafungwa kwa leso mpaka mtu apumue kwa adabu. Hakusoma popote. Alifundishwa na mamake, naye mamake na wake, huko nyuma hata majina tumeyasahau.

Lakini vidole vyake vilikuwa vimeanza kukakamaa. Asubuhi nyingine hakuweza kukunja ngumi, hata kikombe cha chai akikishika kwa viganja viwili. Hakulalamika, alisema tu kwamba mikono imeamka na usingizi. Ndiyo sababu waliponicheka alinitetea. "Mwacheni aende," aliwaambia. "Hoteli za Diani hazitauliza mamake nani. Zataka cheti." Na usiku wa kuamkia safari alinipa nishike bega lake, akafumba macho, akasema, "Una mkono. Huo hawatakufundisha, umezaliwa nao."

Basi nikaenda nikidhani nitafundishwa kubonyeza. Lo! Siku za mwanzo hatukumgusa mtu. Mwalimu wetu, Madam Dianah, alikuwa Mkamba wa Shimba Hills, mwanamke mpana wa mabega aliyefanya kazi ya kukanda hotelini mpaka magoti yakamgomea, naye alianza kwa kutufundisha kusimama. Miguu iachane, magoti yalegee, uzito utoke kiunoni, usitoke kwenye gumba, la sivyo utazeeka mikono kabla ya uso. Nilipolisikia hilo nilimfikiria mama. Tukafundishwa kupumua. Tukafundishwa kukata kucha, kunawa, kupasha mikono moto kabla ya kumkaribia mtu. Tukafundishwa kuuliza maswali, na kusikiliza majibu, jambo ambalo Harrison, mvulana wa Machakos aliyekuwa nasi darasani, hakuliweza hata kidogo.

Ndipo tukaanza kugusa. Mpapaso mrefu wa kumfungua mtu, mkono usibanduke kwenye ngozi. Kisha kuminya na kuachia, kama mtu anayekanda unga wa mahamri. Kisha gumba kuzunguka penye fundo, taratibu, mpaka fundo lenyewe lichoke. Tulijifunzia wenyewe kwa wenyewe, wasichana upande huu wa pazia, wavulana upande ule, na siku ya kwanza Harrison alilala akakoroma mpaka fundi wa duka la chini akauliza kama tumeleta mashine. Madam Dianah alikuwa akipita katikati yetu na kutusukuma viwiko. "Pole pole," alikuwa akisema kwa lafudhi yake ya bara. "Mtu hatapumzika mpaka ajue huna haraka na yeye."

Nikirudi nyumbani mwisho wa wiki, nilijifunzia kwa Mwanatumu. Alikuwa ameolewa na Abubakar, kijana mpole aliyekuwa akifanya kazi ya kupakia na kupakua malori Lunga Lunga, na nyumba yao haikuwa mbali na yetu. Walikuwa wamekaa muda mrefu bila mtoto, watu wakaanza kumwangalia tumbo badala ya uso, na alipopata mimba alitembea kijiji kizima akisalimia hata asiosalimiana nao. Kumkanda yeye ilikuwa taabu. Hakuna mahali ungemgusa asicheke. Begani acheke, kisigino acheke, mpaka mama anatoka jikoni kuuliza kuna harusi gani humo ndani.

"Mama akikanda ni kama anafua," aliniambia mara moja, machozi ya kicheko yamemjaa. "Wewe wakanda kama unaomba radhi."

Nasikia bado alivyolisema. Nikiwa kazini leo, mgeni amelala kifudifudi mbele yangu na taulo mgongoni, mara nyingine neno hilo hunijia na inanibidi nisimame kidogo. Wageni hudhani ni sehemu ya kazi.

Kulikuwa na somo moja ambalo Madam Dianah alilifundisha mlango umefungwa na simu zimezimwa. Somo la pale mkono usipopelekwa. Mtu mwenye homa, usimkande. Kidonda, usikikande. Na mguu, alisema, akageuka kutuangalia mmoja mmoja. Miguu yote miwili ikivimba, muulize kama amesimama sana, ama ana mimba. Lakini ukivimba mmoja na mwenzake uko salama, ukiwa wa moto na unauma kwa nyuma, usiuguse. Hasa kama mwenyewe amezaa juzi, au amelala kitandani muda mrefu. Damu inaweza kuwa imeganda humo ndani. Sisi tunakanda kuelekea moyoni, sivyo? Basi ukiisukuma hiyo damu, bonge linaweza kung'oka likapanda, na likifika kwenye mapafu hutakuwa na la kufanya. "Ficha mikono yako nyuma," alisema, "halafu mpeleke hospitali. Hata akulilie. Hata akutukane."

Hakusema la kufanya akiwa ni mamako anayekulilia.

Ijumaa ile nilifika Majoreni mapema. Mwanatumu alikuwa amejifungua mtoto wa kike, Nasra, na alikuwa amekuja kwetu kukaa arubaini yake kama ilivyo desturi. Nilikuwa nimemletea nguo za mtoto na habari tele za chuoni. "Shikamoo, mama," nikasema mlangoni, naye akaitikia marahaba bila kugeuka, kwa kuwa alikuwa akiyatazama mafuta motoni. Akaniambia dada ameamka na mguu mzito, na mikono yake asubuhi ile haishiki kitu, na Mungu amejua kunileta. Alikuwa amefurahi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Alikuwa akiningojea mimi, kwa mara ya kwanza, nimshike mzazi mbele yake.

Mafuta yakamwagika, kama nilivyosema.

"Damu ya uzazi imeshuka mguuni," mama akasema, kwa sauti ya kumweleza mtoto. "Yataka irudishwe juu. Nimeiona mara ngapi mimi!"

"Ikirudishwa juu ndiyo yaua, mama."

"Yaua?" Akasimama. "Miaka yote hii, mimi nimemuua nani?"

Hakuwa amemuua mtu, nijuavyo mimi. Miguu mingi aliyoikanda ilikuwa imevimba kwa uchovu tu, ikapona, na wenyewe wakamwombea dua. Nikajaribu kumweleza: bonge, mshipa, mapafu. Nilikuwa naongea kama karatasi za chuoni, na kila neno lilikuwa likimsogeza mbali nami.

"Haya mambo ni ya huko," akasema. "Wazungu wa Diani, watu hawakujui, hujui walikotoka, uwapapase mwili mzima. Dadako wa tumbo moja ndiye umnyimaye mkono?"

"Jamani," Mwanatumu akasema kutoka kitandani, mtoto amemlalia kifuani. "Mwenye mguu ni mimi. Mbona hamuniulizi?" Alijaribu kucheka. "Twaiba, huko hospitali watanifanya nini?"

"Watakupima. Watakupa dawa ya kuyeyusha damu."

"Basi twende. Tukirudi mtanikanda nyote wawili, mmoja huku, mmoja huku, nife kwa mtekenyo."

"Mzazi hatoki arubaini haijaisha," mama akasema.

Nikampigia simu Abubakar. Alikuwa juu ya lori, kelele tupu, lakini alisikia. Akasema mpelekeni sasa hivi, yeye atatufuata huko huko. Kwa hilo mama hakuweza kubisha, maana mume amesema. Alifunga leso yake upya, akaketi kwenye ukingo wa kitanda.

Gari letu la karibu lilikuwa Probox ya Boga, jirani aliyekuwa akibeba samaki kwenda sokoni Msambweni. Kabla ya kutoka nilimshika mama kiwiko. "Tafadhali," nikamwambia. "Nikuombe kwa Mungu. Usiuguse."

"Nenda katafute gari," akasema.

Gari nililipata upesi. Lilikuwa limeegeshwa nje ya msikiti, limefungwa, na Boga alikuwa ndani, safu ya mbele kabisa. Ijumaa, saa ya swala. Kijiji chote kilikuwa kimesimama. Hapakuwa na bodaboda, hapakuwa na mtu wa kuulizwa, viatu vya wanaume vimejaa kwenye ngazi mpaka barabarani. Nikasimama kando ya gari, jua la mchana kichwani, nikaisikiliza hotuba kwenye kipaza sauti na sikusikia hata neno moja. Nilikuwa nikijiambia kwamba mguu hauwezi kuharibika kwa muda wa hotuba. Nilikuwa nikijiambia mama amenisikia. Imamu alipotoa salamu nilikuwa nimeshafika kwenye viatu, na Boga aliponiona uso hakuuliza, alikuja na kiatu kimoja mkononi.

Nilipoingia chumbani nilikutana na harufu ya karafuu.

Mguu ulikuwa unameremeta, kuanzia vidoleni hadi juu ya paja. Mama alikuwa amenipa mgongo, ananawa kwenye beseni. Mwanatumu akanivuta leso, akaniinamisha hadi kwenye uso wake.

"Usimwambie neno," akanong'ona. "Amenibembeleza nikakubali. Na wallahi nimepata nafuu, Twaiba. Vidole vilikuwa vinamuuma yeye kuliko mguu ulivyoniuma mimi. Alikuwa akilia."

Tukamwinua. Mama alikaa mbele na mtoto, mimi nyuma na Mwanatumu, mguu wake nimeulaza mapajani mwangu bila kuukandamiza. Ile barabara ya vumbi Boga aliiendea kama abebaye mayai. Dada aliongea njia nzima. Alisema Nasra ana pua ya Abubakar, masikini, lakini atakua nayo. Alisema anatamani mabuyu ya pilipili. Tulipoingia kwenye lami na kuanza kuipita miwa ya Ramisi, akanyamaza katikati ya neno, akaweka mkono kifuani.

"Mbona pumzi," akasema.

Nikamwambia apumue pole pole, pamoja nami, kama tulivyofundishwa. Vuta. Achia. Akanifuata mara kadhaa, macho yake yamekaza kwenye yangu, na yalikuwa na mshangao zaidi kuliko hofu. Kisha jasho likamtoka kote kwa pamoja na midomo ikabadilika rangi. Boga akakanyaga mafuta. Mama alikuwa amegeuka kwenye kiti, anaita jina lake, anamtingisha kwa mkono mmoja huku mwingine umemkumbatia mtoto. Mwanatumu alifika hospitali, walimpokea mbio, walimlaza, walimfanyia kila walichoweza. Lakini mimi najua ni mahali gani kwenye ile miwa alipouachia mkono wangu.

Daktari alikuwa kijana. Alitutoa kwenye ukumbi wa hospitali, akatuweka pembeni, akatwambia kwa Kiswahili cha bara kilichonyooka kwamba amefariki, pole sana. Mama akakaa chini sakafuni, pale pale. Daktari akaniuliza maswali: alijifungua lini, mguu ulianza lini. Nikamjibu. Kisha akaniangalia kwa makini.

"Mguu una mafuta," akasema. "Kuna mtu aliukanda?"

Mama aliinua kichwa.

Nililiona lile swali kutoka mwanzo wake hadi mwisho wake. Niliona jibu langu, na neno ambalo daktari angelisema baada ya jibu langu, na namna mama angelibeba neno hilo mpaka Majoreni, alale nalo, aamke nalo, alee mtoto nalo. Daktari hakuwa mtu mbaya. Alitaka kujua tu. Hata yeye asingeweza kuapa kwamba bonge lisingeondoka lenyewe, kwa kupanda gari tu, kwa kukohoa tu. Nami siwezi kuapa, hadi leo.

"Hapana," nikasema. "Nilimpaka mafuta mimi. Ngozi ilikuwa kavu. Hakukandwa na mtu."

Akatikisa kichwa polepole, akaenda zake. Mama alikuwa bado ananitazama. Nilidhani ataona nilichomfanyia. Lakini uso wake ulijifunga taratibu, na nikaelewa alichosikia: kwamba nimekiri mbele ya daktari kuwa dadangu hakukandwa. Kwamba vidole vibovu vya mama havikuhesabika kitu, na mikono mizima iliyokuwepo ilikataa.

Tukamwosha Jumamosi asubuhi, nyumbani, nyuma ya pazia la leso na mashuka. Mwoshaji alikuwa mama mmoja mtu mzima wa Kikoneni, mtaratibu sana, na aliniita niwe upande wa kushoto kwa vile mimi ndiye nduguye. Maji yalikuwa na majani ya mkunazi. Akanifunga kitambaa mkononi, akaniambia nimkande tumbo kidogo, kwa upole, mara moja na nyingine, ili kilichobaki kitoke. Nikamkanda. Nilitumia uzito wa kiuno, magoti yamelegea. Hakucheka. Nilikuwa nikingoja acheke, Mungu wangu, mikono yangu yenyewe ilikuwa ikingoja.

Mama alikuwa upande wa pili, ameshika kopo la maji. Alikuwa hajasema nami tangu hospitali.

"Haya," akasema. "Na mguu pia. Sasa hauna hatari tena. Ushike."

Hakusema kwa hasira. Alisema kwa sauti ile ile ya kutuita tuje tule. Mwoshaji aliniangalia, kisha akaangalia chini. Nikaushika ule mguu, nikauosha kutoka pajani hadi kwenye vidole, katikati ya kila kidole. Ulikuwa bado umevimba, na ulikuwa baridi.

Matanga yalikuwa marefu. Wanawake walikuja wakakaa kwenye mikeka, na mama akawaeleza mmoja baada ya mwingine. "Mjuzi alikuwepo," alikuwa akisema, "mwenyewe alikuwepo chumbani. Hakutaka kumgusa." Hakutaja jina langu, wala haikuwa lazima. Kahawa nilizowapelekea walizipokea bila kuniangalia. Madam Dianah alikuja kutoka Ukunda, amejifunga leso mbili juu ya suruali na moja inamponyoka, akanivuta uani.

"Ulifanya vile inafaa," akaniambia. "Ulisikia? Usiache mtu akwambie ingine."

Nilimchukia, siku ile. Nilitaka aniambie nimekosea, maana kosa lingekuwa na njia ya kutubia. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, nani aliukanda mguu. Nikamwambia hakuna. Akanipangusa uso kwa pembe ya leso yake, hakuuliza tena.

Nilirudi chuoni baadaye, nikamaliza, nikapata kazi Diani. Nasra alibaki kwa mama. Abubakar alikubali, naye huja kila akipata nafasi, na pua kweli ni yake. Mimi nami huja kila mwisho wa wiki. Na mama tuliongea. Chakula, mvua, homa ya mtoto, tuliongea yote. Kwa watu wazima ambao hawajasemeshana jambo, inashangaza ni mambo mengi kiasi gani yanayobaki ya kuzungumza. Lakini hakuniomba tena nimshike bega, nami sikuthubutu kumgusa pasi na kuombwa.

Na hakukanda mzazi tena. Walikuja, wakabembeleza, wakaleta kuku. Alisema vidole vimekufa. Ilikuwa kweli, vilikuwa vimekufa. Nikaamini ndivyo tu.

Mwaka huu, Jumamosi moja asubuhi, alikuja jirani yetu Bi Mapenzi. Binti yake alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza na alikuwa amelala hapo nyumba ya pili, mwili wote unamuuma. Hakuja kwangu, alikuja kwa mama, kama watu wote. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda uani, anachagua mchele kwenye ungo, Nasra yuko karibu naye anachora mchangani kwa kijiti. Alimsikiliza Bi Mapenzi hadi mwisho.

"Mimi siwezi," akasema. "Mchukue Twaiba."

Bi Mapenzi akageuka kuniangalia. Alikuwepo kwenye mikeka ile, alikunywa kahawa yangu. Nilimwona akisita.

"Mchukue," mama akarudia. "Hakuna mwingine."

Nikaingia ndani nikanawa mikono, nikachukua mafuta yangu, nikatoka. Bi Mapenzi alikuwa ameshatangulia, ananingoja kwenye uzio. Nilikuwa nampita mama aliponiita.

"Twaiba."

"Bee, mama."

Hakuinua macho kwenye ungo. Vidole vyake vilivyopinda vilikuwa vikitafuta chuya kwenye mchele, vinaikosa, vinairudia.

"Miguu yake uiangalie kwanza. Yote miwili. Ukiona mmoja haufanani na mwenzake, usimkande." Akaipata ile chuya, akaitupa. "Na usitoke humo chumbani. Gari na akatafute mtu mwingine. Wewe ukae naye, usimwache na mamake."

Nilitaka kupiga magoti mbele ya kile kigoda, nimwulize amejua tangu lini, tangu hospitali, au tangu tulipomwosha, au alijua akiwa bado amelowa mafuta mikononi, na miaka yote hii aliwezaje. Lakini Nasra alikuwa akituangalia, na mama alikuwa ameanza kupepeta, makapi yanaruka, na machozi yalikuwa yakimshuka bila yeye kuyafuta.

"Sawa, mama," nikasema.

Kisha nikaenda, kwa kuwa mzazi alikuwa akiningoja.